Tekken 8 imefika Busia, Mhariri, na nyinyi bado mko kwa mpira tu

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka huku Busia upande wa Uganda, mtaa wa Sofia, mpakani kabisa, ambapo gazeti lenu hutufikia limechelewa na saa zingine limeshasomwa na makonda wawili watatu kabla halijafika mkononi mwangu, lakini nalisoma lote mpaka matangazo ya vifo. Leo naandika kwa sababu kurasa zenu za michezo zimenichosha kidogo. Arsenal, Arsenal tena, Man U, kidogo Gor Mahia, kidogo Simba na Yanga, basi imeisha. Na tangu tarehe 26 Januari mwaka huu wa 2024 kuna kitu kimetoka ambacho jioni za huku kimefanya hata Arsenal isubiri, nacho ni Tekken 8, na kwenu sijaona hata mstari mmoja. Sasa tunaingia Machi bana. Basi niacheni niwaandikie mwenyewe, mkiona haifai mtupe.

Kwa wasomaji wasioijua, Tekken ni gemu ya kupigana mtu kwa mtu, ya Wajapani, ilianza 1994 kwenye zile mashine za kutumbukiza sarafu halafu ikaingia PlayStation. Wengi wetu huku tuliijulia Tekken 3, ile ya PlayStation ya kwanza, pedi za kuchezea mkononi zenye nyaya fupi na watu sita wamebanana mbele ya tivi ya inchi kumi na nne. Hii ya 8 ilitoka na watu 32 wa kuchagua, inacheza kwenye PS5 (PlayStation ya tano), Xbox mpya na kompyuta, na hapo ndipo shida ya kwanza inapoanzia maana haichezeki PS4, na vibanda vyetu vingi vya kulipia gemu ni PS4, vingine hata PS3 bado zinapiga kazi. PS5 hapa ni milioni mbili na zaidi za Uganda. Gemu yenyewe ilitoka kwa dola sabini kasoro senti, yaani laki mbili na nusu na juu kidogo, ambayo kuna mtu huku ni kodi ya nyumba ya miezi kadhaa. Kaka yangu mkubwa ndiye mwenye kibanda, mimi nashika zamu ya jioni, na PS5 iko moja tu. Hiyo moja ndiyo inayogombaniwa.

Sasa niseme ikoje.

Kwanza picha, sina maneno. Jasho linaonekana, nguo zinapata vumbi, ukuta unavunjika, mtu akipigwa na lile roboti Jack-8 wewe mwenyewe kwenye benchi unasogea. Lakini picha hazinipi shida wala raha sana, hizo ukizoea zinakwisha. Kitu kilichobadilisha gemu ni kile wenyewe wanaita Heat, sisi tunasema moto tu. Kila raundi kila mmoja anao moto wake mara moja. Ukiuwasha mtu wako anawaka, na kwa kama sekunde kumi hivi mapigo yake yanakuwa na uzito mwingine, mwenzako hata akijikinga damu, yaani ule mstari wa uhai wake kwenye skrini, inamtoka kidogo kidogo, na unaweza kuumaliza huo moto kwa pigo moja kubwa ambalo likimkuta mtu kibanda kizima kinapiga kelele mpaka bodaboda walioko nje wanachungulia. Halafu damu yenyewe siku hizi sio yote inapotea moja kwa moja, kuna sehemu inabaki kama kivuli kwenye mstari, na ukirudisha mapigo unaipata tena. Maana yake ni kwamba anayekaa nyuma ameukunja mkono akisubiri mwenzake akosee, huyo anaumia, na anayeingia anavuna.

Mi naipenda hiyo. Wakongwe hawaipendi. Tuna mzee mmoja hapa, si mzee wa umri, mzee wa pedi, yeye sanaa yake yote ni kurudi nyuma kwa vihatua vidogo vidogo vya haraka mpaka ngumi yako ipite hewani ndio akuadhibu, na kwa Tekken 7 alikuwa haguswi. Sasa analalamika kila siku kwamba hii sio Tekken ni ngumi za sokoni, kwamba mtu anawasha moto anamkimbilia na yeye hana pa kwenda. Ana haki kiasi, kusema ukweli. Kujikinga kumepungua thamani, na saa zingine cheche ni nyingi kwenye skrini hata sisi tuliosimama nyuma hatuoni nani amempiga nani mpaka mmoja aanguke. Lakini mtazamaji anafurahi, na kwenye kibanda mtazamaji ni mtu muhimu maana ndiye mchezaji anayefuata.

Hapo tuje kwa hela, na hili nadhani hakuna mwandishi wa gemu wa Ulaya atakayewaandikia. Mechi ya mpira, FC 24, inakula dakika kumi na kitu, mtu analipa mia tano anaridhika. Tekken ni raundi tatu za kushinda, na kila raundi ina sekunde 60 tu, ila kwa huu moto raundi nyingi hazifiki hata nusu yake, kwa hivyo mtu mpya anakaa, anashika pedi, anatafuta mguu uko kitufe gani, na kabla hajaupata ameshachapwa tatu bila. Kaka mwanzo aliweka bei ile ile ya mpira na siku ya kwanza tu ilikuwa karibu watu washikane mashati, kijana anasema nimelipa mia tano sijacheza nimepigwa tu. Akabadilisha, anayeshindwa ndiye analipa, mia mbili. Hiyo nayo ikazaa shida nyingine kwa sababu fundi mmoja anakaa kwenye benchi kuanzia saa kumi na moja mpaka tunafunga hajatoa hata sarafu, na wadhaifu wanalipa mara mbili tatu wanaona aibu wanahama kwenda kubeti. Siku hizi tunauza muda, nusu saa mnachangishana watu wanne, mnapangana wenyewe, na angalau kumetulia. Mwenye kibanda yeyote anayefikiria kuleta hii gemu asikilize hapo, usiuze kwa mechi, utaua biashara yako mwenyewe.

Lakini kilichotuokoa zaidi ya bei ni ile Special Style, na hapa ndipo nina ugomvi na watu. Hiyo ni kwamba unafinya kitufe kimoja, L1, hata katikati ya pigano, na vitufe vyako vinabadilika vinakuwa rahisi, kimoja kinamrusha mtu hewani na kumfuatilia kwa mapigo mpaka atue, kingine kinapiga chini, na kadhalika, mashine inakuchagulia. Ukifinya tena L1 unarudi kwenye vitufe vya kawaida, mkono na mguu wa kushoto, mkono na mguu wa kulia. Vijana wakali wanasema huo ni wizi. Mwingine aliniambia ni kama kuingia mtihani na majibu, na alikuwa amekasirika kweli.

Sasa ngoja niwape kisa. Kuna dada anakaanga roleksi, zile chapati za kuviringishia mayai, hapo mlangoni kwetu, hajawahi kushika pedi tangu azaliwe, kila siku anatusikia tu tukipiga kelele. Siku moja wateja wamepungua akaingia akiwa bado ana unga kwenye vidole, nikampangusia pedi, nikamwekea hiyo Special Style nikamwambia dada we finya hiki na hiki ukiona anakuja finya hiki. Akachagua Panda, kwa sura tu, akasema huyu ananipendeza. Mpinzani wake kijana wa chuo anayecheza Kazuya na anajua ile ngumi ya umeme, ile inayotaka vidole viwili viangukie papo kwa hapo bila kukosea hata chembe. Raundi ya kwanza dada alipigwa vibaya. Ya pili kijana akaanza kucheza kwa madaha, anajigeuza geuza kuonyesha watu, Panda akamdaka kidevuni akamrusha juu, pa pa pa mpaka ukutani, halafu moto, halafu lile pigo kubwa. Ssebo, kibanda kililipuka! Nje mteja anaita roleksi yangu inaungua, dada anajibu subiri kidogo kuna mtu namfunza adabu. Kijana alishinda mechi kwa jumla, tusidanganyane, lakini kuanzia siku hiyo yule dada analipa muda wake kama wengine, na amevuta wenzake wawili wa sokoni. Kabla ya hapo mwanamke kuingia kibandani kwetu ilikuwa ni kumtafuta mtoto tu.

Kwa hivyo wizi uko wapi? Hiyo stailo haikupi pigo ambalo mwenzako hana. Ni mapigo yale yale ya mtu wako, machache, yanajirudia, na fundi akitulia raundi mbili anaujua wimbo wote na anakuadhibu. Mtu atakayetaka kupanda lazima aiache polepole na ndicho ninachokiona, dada wetu siku hizi anatoka kwenye L1 kwa sekunde chache anajaribu mwenyewe halafu akibanwa anarudi. Wanaolalamika ni wale waliozoea kuvuna kwa wageni.

La pili linalotuuma ni Eddy. Mhariri, kama mliwahi kushika Tekken 3 mnamjua Eddy Gordo, yule Mbrazili wa kapoeira anayepigana kwa miguu akiwa kichwa chini. Huku kwetu Eddy ndiye alikuwa mtu wa kila mtu asiyejua, unafinya miguu ovyo ovyo na bado unashinda, ndugu wamenuniana wiki nzima kwa sababu ya Eddy. Swali la kwanza la kila mteja akiona ukurasa wa kuchagua ni hilo hilo, Eddy yuko wapi? Gemu ilipotoka hakuwemo. Alitangazwa kuwa wa kwanza katika wale wanne wa kulipia pembeni mwaka wa kwanza. Yaani mtu wetu wa zamani anarudi na tiketi. Na juu ya hapo mwisho wa Februari, mwezi mmoja tu baada ya gemu kutoka na watu wameshaisifu wameshainunua, ndani yake kukafunguliwa duka la kuuza nguo za wachezaji kwa hela halisi. Mimi nguo sijali, mpiganaji kama Jin avae gunia tukipigana, ila kama duka lilikuwa limepangwa lingesemwa siku ya kwanza tujue.

Kuna kitu kingine kidogo ambacho kinanichekesha na sijaona mtu akikisema. Wapiganaji wa Tekken wengi kila mmoja anaongea lugha yake, Kijapani, Kifaransa, Kihispania, Shaheen yeye Kiarabu, na wanaelewana kabisa bila mkalimani, anauliza kwa Kijapani anajibiwa kwa Kiingereza na mambo yanaenda. Wageni wanaona ajabu. Mtu wa Busia haoni ajabu yoyote, hapa mtu anaanza bei kwa Kisamia, anaambiwa hapana kwa Kiganda, wanamalizia kwa Kiswahili. Ila katika hao wote wa kutoka huku kwetu hakuna. Kuna mgeni mpya, Azucena wa Peru, dada wa kahawa, kila kitu yeye ni kahawa, na sisi tuko karibu na Mlima Elgon kunakotoka kahawa ya Bugisu tunamtazama tu. Mngemweka Mgisu mmoja jamani, wale wanajua kusimama wima mbele ya kisu cha tohara!

Tuje kwa mtandao, maana huko nje gemu hii inasifiwa hasa kwa kucheza na watu wa mbali. Ndio, mfumo wake ni mzuri kuliko wa zamani. Mashine inakisia utakachofinya na kuendelea bila kusubiri, ikigundua imekosea inarudisha picha nyuma kidogo na kusahihisha, kwa hivyo mtandao ukiwa wa wastani hausikii uzito. Lakini hesabu ni hesabu. Gemu inakwenda picha 60 kwa sekunde, ngumi ya haraka kabisa inatoka kwa picha 10, yaani sehemu moja ya sita ya sekunde. Uganda hatuna bahari, intaneti yetu inaletwa na nyaya zinazotia nanga Mombasa na Dar es Salaam ndio ipande huku, na mara nyingi mfumo unaniletea mtu wa Uarabuni au Ulaya kwa sababu wa karibu ni wachache. Hapo mkisio unakosea sana, unamwona mtu amesimama kumbe ameshakupiga, picha inaruka tu. Na data inalika. Na stima ikikatika katikati ya pigano! Huko nje wanapiga kelele sana kuhusu watu wanaochomoa waya wakiona wanapigwa, sasa sisi wa huku stima ikienda tunahesabiwa na hao hao, mtu yuko Riyadh anafikiri nimekimbia kumbe niko gizani natafuta tochi ya simu.

Kwa hivyo maoni yangu ni kwamba tusiipime hii gemu kwa mtandao. Kwa sisi, Tekken 8 ni gemu ya benchi, bega kwa bega, unasikia pumzi ya mwenzako. Na wenyewe walioitengeneza wanalijua hilo, ndani kuna sehemu inaitwa Arcade Quest ambapo unakuwa kijana anayezunguka kwenye kumbi za mashine anakutana na watu anafundishwa, yaani wameweka kibanda chetu ndani ya gemu, wakasahau tu kuweka roleksi. Halafu wakaweka kile kivuli chako, unapigana nacho kinakuiga, kinajifunza tabia zako, na siku ya kwanza kukiona nilijua kumbe mimi nina ugonjwa wa kupiga teke la chini kila nikiamka. Wateja walikuwa wanajua siku zote, hawajaniambia.

Anayedhani wa vibandani hawawezi kufika mbali aangalie Pakistan. Arslan Ash alitoka Lahore, kwenye kumbi za mtaani ambako watu wanachezeana ana kwa ana, dunia ilikuwa haiwajui, viza zenyewe za shida, na mwaka 2019 akaibuka akachukua EVO, yale mashindano makubwa ya gemu za kupigana, ya Japani na ile ya Las Vegas mwaka huo huo, kwenye Tekken 7, akiwapiga Wakorea na Wajapani ambao ndio waliokuwa wafalme. Mwaka 2023 akarudia zote mbili tena. Na alishasema wazi kwamba nyumbani kuna wengine kama yeye ambao hawajulikani, na walipokuja kucheza ikaonekana ni kweli. Mtandao sio uliowafundisha hao. Waliumizana wao kwa wao kila jioni mpaka wakawa wakali.

Kuhusu watoto, najua barua za wazazi zitakuja. Kwetu mwenye yunifomu haingii, na kabla ya saa kumi jioni siku za shule mtoto haingii hata akiwa na suruali ya baba yake. Kuna vibanda havifanyi hivyo na mimi nawalaumu. Ila kusema kwamba gemu ya kupigana inamfanya mtoto awe mpiganaji, hapo sikubaliani, huku vijana wanaopigana kweli niliwaona wakitoka kwenye baa na kwenye siasa.

Ombi langu ni dogo. Kwenye ule ukurasa wa michezo, pale chini mnapoweka matokeo ya ligi za nchi za mbali ambazo hakuna anayezifuatilia, tupeni nafasi ya sentimita chache kwa mambo ya gemu. Kisumu kuna watu, Nairobi wako wengi, Kampala wako, Dar sijui lakini hawawezi kukosa. Na kama kuna msomaji wa Tororo, Mbale, Malaba au Bungoma mwenye PS5 na watu wanne watano wenye mikono, aandike kupitia gazeti hili tupange Jumapili moja baada ya mpira. Tutakuja na pedi zetu wenyewe, maana za kukopeshana zile kijiti chake cha analogi kinajiendea kushoto, na bei ni ya muda sio ya mechi. Special Style inaruhusiwa. Yule dada wa roleksi ameshasema anakuja, na anataka yule atakayejiita bingwa akae naye kwanza.

Ni mimi msomaji wenu,
Sofia, Busia, Uganda.